Celeron 300A ilishinda K6-2? Inategemea nani anasimulia

Ukiuliza wazee wa kompyuta kuhusu prosesa za bei nafuu za 1998, watakuambia Celeron 300A ilimaliza mchezo. Pole pole, wasee.

Ukweli, ile chipu ilikuwa moto. Celeron ya kwanza ya Intel, ya Aprili 1998, haikuwa na kache ya ngazi ya pili hata kidogo, na watu waliicheka. Agosti ikaja 300A na kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, zikikimbia mwendo sawa na prosesa. Pentium II ilikuwa na 512, lakini za nusu mwendo! Halafu ukipandisha njia ya data ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zilifika 450 bila shida. Yaani chipu ya dola 149 inakimbizana na ya zaidi ya dola 600. Intel walijipiga wenyewe, bana.

K6-2 ya AMD, ya Mei mwaka huo, ilichapwa kwenye Quake II. Hesabu za desimali hazikuwa nguvu yake, na 3DNow! ilisaidia tu pale programu iliandikiwa hivyo.

Lakini wanaosimulia hii hadithi ni wacheza gemu. Karani wa kuandika barua angeonaje tofauti? Celeron ilidai Slot 1, kumaanisha mazabodi mpya. Mwenye bodi ya Socket 7 inayotoa volti 2.2 alibadilisha chipu tu, akaendelea na kazi. Kwake, zile dola 149 hazikuwa bei kamili.