Shirika la ndege likipunguza safari, nani anaumia Tabora?

Kila safari za ndege za mikoani zinapopunguzwa, watu tunapiga kelele kuhusu nauli. Sawa, nauli inauma. Ila kuna jambo hatuliongelei: kazi za watu. Nimeliandika kwa vipengele, kama dakika zako za cafe zinakwisha likopi ukalisome nyumbani.

1. KUPUNGUZA SAFARI NI NINI HASA?

Shirika huwa linafanya moja kati ya haya matatu: linapunguza siku za kuruka, linaleta ndege ndogo badala ya kubwa, au linafuta kituo kabisa. Yote matatu maana yake ni siti chache zinazouzwa.

Sababu ni zile zile. Mafuta yakipanda, kama Julai 2008 pipa lilipofika dola 147, safari yenye siti tupu inageuka hasara. Au ndege yenyewe inakosekana. Mwisho wa 2022 Air Tanzania (ATCL) ililazimika kuziweka chini baadhi ya Airbus A220 zake kwa matatizo ya injini. Hapo kosa halikuwa la abiria wala la mfanyakazi, maana mashirika mengine duniani yenye injini hizo yalipata shida hiyo hiyo.

2. KWA NINI MIKOANI NDIYO TUNAANZA KUKATWA?

Angalia ramani. Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikaja Tabora, ikaishia Ujiji. Ndege nazo zimekuwa zikiunganisha hivyo hivyo: Dar, Tabora, Kigoma. Ndege moja ya pangaboi, vituo viwili. Ndege hiyo ikienda matengenezo, vituo vyote viwili vinalala.

Tumeshaona. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga iliinyang'anya ATCL cheti cha kuruka, ikarudi angani Januari 2009. Machi 2011 ndege yake pekee iliyokuwa ikiruka, Dash 8, ilipelekwa Afrika Kusini kwa matengenezo makubwa. Safari zikasimama hadi Novemba. Halafu Aprili 9, 2012 Dash 8 hiyo ikaanguka ikiruka kutoka Kigoma. Namshukuru Mungu, watu wote 39 walitoka hai, lakini ndege ndo ikawa imekwisha.

Shirika lenye ndege 50 likipoteza moja linapanga ratiba upya. Lenye moja likiipoteza, watu wanakwenda nyumbani.

3. NANI ANAPOTEZA KAZI?

Rubani anaumia, tena sana, kwa sababu leseni yake inaendana na aina ya ndege. Aliyezoea ATR hahamii Dash 8 kesho asubuhi, lazima asome tena, na masomo hayo ni ghali. Fundi wa ndege naye vivyo hivyo. Lakini hawa wana ujuzi unaotafutwa, mara nyingi wanapata pa kushika hata nje ya nchi.

Wanaoumia kimya kimya ni hawa wa kwetu: mkata tiketi, mpakia mizigo, mlinzi, mfagiaji, dereva teksi, mama anayeuza chai nje ya geti. Wengi wao hawamo kabisa kwenye orodha ya mishahara ya shirika la ndege. Wameajiriwa na kampuni ya huduma, au wakala, au hawana mkataba wowote.

Jamaa yangu mmoja niliyesoma naye alikuwa anapakia mizigo uwanja mmoja wa mkoani. Kwenye fulana yake kulikuwa na nembo ya ndege, mtaani tukamwita "mtu wa ndege". Safari zilipokatwa akaenda ofisi za shirika kudai haki yake. Akaambiwa, "Wewe si wetu." Akahangaika miezi miwili kabla ya kujua nani hasa alikuwa mwajiri wake. Kufika kwenye Tume, muda ulikuwa umepita.

Msidhani ni ushamba wa Bongo. Marekani kuna kampuni ndogo zinazorusha ndege zilizopakwa rangi za shirika kubwa. Abiria anadhani kapanda Delta au United, kumbe mhudumu analipwa na kampuni nyingine. Comair, iliyomilikiwa na Delta, ilifungwa Septemba 2012. ExpressJet, iliyorukia United, ilisimama Septemba 2020 baada ya United kuhamishia kazi kwa kampuni nyingine. Jina lililoandikwa kwenye ndege siyo lazima liwe la bosi wako.

4. UKIPUNGUZWA, UFANYE NINI?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi, kwa kifupi:

- Mwajiri hatakiwi kukushtukiza. Lazima atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe: njia nyingine zipo? Nani aondoke, kwa kigezo gani?
- Unayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28, au ulipwe badala yake.
- Kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka 10. Mfano, siku moja ni shilingi 15,000 na umefanya miaka 6: 15,000 x 7 x 6 = 630,000.
- Likizo ambayo hukuchukua inalipwa, na unapewa cheti cha utumishi.
- Kama unaona umeachishwa isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Ukichelewa, lazima kwanza uombe kuruhusiwa na utoe sababu.

Na leo hii, kabla hakijanuka, tafuta mkataba wako usome jina la mwajiri. Angalia kama michango yako NSSF inaingia kweli. Huna mkataba? Tunza chochote: kitambulisho, karatasi ya zamu, meseji za malipo.

5. MWISHO

Mababu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia hii. Reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kazi ya kubeba mzigo kichwani ikafa. Hakuna aliyewapa notisi wala siku 7 kwa mwaka. Leo usafiri unabadilika tena: SGR imeanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na ikifika huku ndege zitapanga hesabu upya. Tofauti yetu na wapagazi ni kwamba sisi tuna sheria. Lakini sheria hiyo ina siku 30, na ukikaa unasubiri zinakwisha.

Mwenye la kuongeza au kusahihisha, karibu. Hasa nyie mliowahi kufanya kazi uwanjani, tupeni uzoefu.