Kuwamba na Kutundika: Historia ya Viunzi vya Kukaushia Ngozi katika Kaskazini Mashariki ya Kenya

Katika historia ya biashara ya Afrika Mashariki ngozi hutajwa mara nyingi, lakini hutajwa kwa kupitiwa tu, mwishoni mwa orodha, baada ya pembe na karafuu na sandarusi. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliofika Unguja katika miaka ya 1830 na kutuletea kitambaa ambacho hata leo twakiita merikani, walirudi kwao na ngozi za ng'ombe pamoja na hizo pembe. Tumeandikiwa mengi juu ya majahazi na mikataba. Wachache mno wameuliza ngozi ile ilikaushwaje kabla ya kupakiwa. Makala haya yanakusudia kulizungumza jambo hilo kwa kuitazama Garissa na nchi iliyo kaskazini yake hadi Wajir na Mandera, na kuonyesha kwamba badiliko moja la ufundi, yaani kuiondoa ngozi ardhini na kuitia katika kiunzi, lilikuwa pia suala la lugha, na kwamba Kiswahili hakikulitumikia ipasavyo.

Tuanze na majina. Mfugaji wa Kisomali ana neno saan kwa ngozi nzito ya ng'ombe au ngamia, na neno harag kwa ngozi nyepesi, hasa ya mbuzi au kondoo. Biashara yenyewe huitwa kwa maneno yote mawili pamoja, hargo iyo saamo. Kiingereza nacho kina maneno mawili, na yote mawili yamo katika anwani ya sheria ya Kenya inayosimamia biashara hiyo, Sura ya 359. Kiswahili kina ngozi tu: ya ndovu, ya mbuzi, na hata ya mwanadamu. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Ngozi ya mbuzi hata ikining'inizwa juu ya kamba hukauka bila madhara makubwa. Ngozi ya ng'ombe haikubali hivyo. Penye mkunjo hubaki unyevu, na penye unyevu huanza kuoza. Mkalimani aliyesimama baina ya ofisa wa mifugo na wachinjaji, akapeleka amri juu ya "ngozi" pasipo kusema ni ipi, alikuwa amekwisha kupoteza nusu ya maana.

Njia kongwe ni kuitandaza ngozi mchangani, upande wa nyama ukielekea juu, na kuipigilia vigingi pembeni. Kwa matumizi ya nyumbani njia hiyo haikuwa na kosa. Ngozi ya kulalia, ya kuswalia au ya kukatwa makubadhi haihitaji kupita mikononi mwa mkaguzi. Lakini kwa ngozi iendayo kiwandani hatari zake ni kubwa, na ubaya wake ni kwamba hazionekani. Jua hukausha upesi uso wa juu, ukawa mgumu kama gamba, huku unyevu wa ndani ukikosa pa kutokea. Chini mchanga wa moto waichoma na hewa haipiti. Ngozi hiyo yaweza kuonekana nzuri sana sokoni. Hutiwa majini kiwandani, miezi kadhaa baadaye na maili elfu kadhaa mbali, ndipo hutoka malengelenge na matundu, na pale palipopikwa na joto pakayeyuka kama gundi. Mnunuzi hajui ni nani wa kumlaumu, kwa hiyo huilaumu nchi nzima, na bei ya ngozi zote zitokazo huko hushuka.

Kwa watu wa kaskazini jambo hili lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa mwaka 1926, na sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ikazidi kubana nyendo za watu wake. Bandari ya Kismayu, mlango wa kawaida wa biashara ya upande huo, ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Waitaliano mwaka 1925 pamoja na Jubaland yote. Isitoshe, mifugo ya kaskazini iliwekewa karantini mara kwa mara kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu, hofu ambayo, kwa maoni yangu, iliwafaa pia walowezi waliokuwa na ng'ombe wao wa kuuza. Ng'ombe hai alizuiwa. Ngozi yake iliyokauka ilikuwa nyepesi na haikuhitaji maji njiani. Na kiangazi kikali kilipoua mifugo, ngozi ndiyo iliyosalia kuwa mali.

Mafundisho ya kiunzi yalienezwa na Idara ya Mifugo ya wakati wa ukoloni, na baadaye yakaingia vitabuni. Aten, Innes na Knew waliyakusanya katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1955, na I. Mann, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, akatoa chake kwa shirika hilo hilo mwaka 1962. Kiini cha mafundisho hayo ni chepesi. Kiunzi ni miti minne iliyofungwa kwa umbo la mraba, na yapasa kizidi ngozi pande zote, ili kamba zipate nafasi ya kuvuta. Kiunzi kidogo hulazimisha ngozi kukunjwa. Miti iwe imenyooka na kubanduliwa magome. Nguzo zinazoingia ardhini ndizo zenye taabu, maana mchwa wa nchi hiyo hawana huruma. Boriti za mikoko kutoka Lamu hustahimili kuliko miti mingi ya kando ya mto Tana, ila gharama ya kuzisafirisha si ndogo. Misumari ya chuma isiguse ngozi mbichi, kwani kutu huacha doa. Hutobolewa vitundu vidogo karibu sana na ukingo, na kila kitundu hutiwa uzi wake wa katani, kuanzia shingoni na miguuni, kisha ubavuni, mvuto ukiwa sawa pande zote. Kisha kiunzi husimamishwa wima. Garissa i karibu kabisa na mstari wa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri huuangukia ukingo wa ngozi, si uso wake, na upepo hupita pande zote mbili. Palipo na uwezo, viunzi huwekwa ndani ya banda lisilo na kuta.

Ngozi ya ngamia ni kisa peke yake. Nundu huifanya isikubali kulala bapa, na mara nyingi hupasuliwa mgongoni ikawa vipande viwili, kila kimoja na kiunzi chake.

Sasa tazama msamiati. Neno banda lilichukuliwa na Waingereza kutoka kwetu, likawa istilahi ya wataalamu wao wa ngozi katika Afrika Mashariki. Kiunzi nacho, ambacho jina lake tulikuwa nalo, mara nyingi kikaitwa fremu. Lakini gumu zaidi ni kitenzi. Kitenzi kilichokuwa tayari ni kuwamba. Twawamba ngoma, twawamba kitanda. Hata mambo, kwa maana ya vigingi, huenda ikawa na nasaba nacho. Katika kila tumizi maana ya msingi ni kukaza hadi kitu kilie kikipigwa. Na hilo ndilo mafundisho yaliyolikataza! Ngozi hunywea inapokauka. Iliyokazwa mno tangu mwanzo huwa nyembamba tumboni na huweza kuchanika kwenye vitundu. Yapasa ivutwe kiasi cha kuondoa mikunjo tu, na kukauka kwenyewe kumalizie kazi. Aliyeambiwa "iwambe ngozi" akaikaza kama ngoma alikitii Kiswahili barabara, akaharibu ngozi. Kutundika kungalifaa zaidi, ingawa nako kwaashiria kitu kinachoning'inia kwa ncha moja. Labda ilihitajika kusemwa kwa maneno manne, "itundike kiunzini bila kuikaza", na istilahi ya maneno manne si aibu.

Wahenga wamesema mwamba ngoma huvuta ngozi kwake, nao walijua mambo ya soko. Kiunzi ni kazi ya ziada: miti, kamba, na saa ya mtu anayeifunga. Mchinjaji hulipwa kwa kazi hiyo ikiwa tu mnunuzi wa kwanza ataitenganisha ngozi ya daraja la juu na ile ya chini kwa bei. Mnunuzi anayenunua zote kwa bei moja, kisha akazipanga kwa madaraja anapoziuza yeye, amechukua ujira wa kiunzi. Hapo lawama za "ukaidi wa wafugaji" hukosa msingi, kwani aliyerudi mchangani na vigingi vyake alikuwa amepiga hesabu sahihi.

Katika miaka ya karibuni chumvi imechukua nafasi kubwa ya kiunzi, kwa kuwa ngozi iliyotiwa chumvi yafika kiwandani ikiwa laini. Serikali ya Kenya nayo imetoza ushuru mzito ngozi ghafi ziendazo nje, uliopandishwa hadi asilimia 80, ili viwanda vya nyumbani vipate malighafi. Bei aipatayo mchinjaji haikupanda kwa hilo. Imeanguka kiasi kwamba kuna machinjio ambako ngozi hutupwa. Kwa wakusanyaji wa istilahi kazi iliyobaki ni kwenda Garissa, Wajir na Mandera wakiwa na daftari, kuwatafuta wazee waliofanya kazi mabandani, na kuandika kwa Kisomali na kwa Kiswahili jina la kila mti wa kiunzi, la kila fundo, na la kiasi kile cha mvuto ambacho si kuwamba wala si kutundika.