Meno ya Mbegha

Kila aliyesoma shule katika milima yetu ya Usambara amesimuliwa habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu na mbwa wake akaja kuwa mtawala huko Vugha. Nami niliifundisha hadithi hiyo kwa miaka mingi. Nilikawia kwenye mikuki, mbwa na yule simba aliyeuawa usiku, na mwanzo wake niliupita upesi, kwa kuwa watoto walitaka simba. Sasa nimekula chumvi nyingi, na ule mwanzo ndio unaonirudia.

Mbegha alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Zama zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima, na desturi ilitaka auawe. Wazazi wake hawakukubali kumpoteza, wakamlea. Habari hizi zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi Liajjemi, mtu aliyeishi karibu na watawala hao katika karne ya 19. Wengi wetu tulikifahamu kwa chapa ya mwaka 1962. Wazazi walipofariki, ndugu walikaa kugawana urithi. Mbegha alipodai fungu lake alijibiwa kwa meno yake: kigego hana haki ya kurithi.

Hebu tufikiri kidogo. Mbegha alikuwa mtu mzima wakati huo. Yale meno ya utotoni yalikuwa yameng'oka zamani, na kinywani mwake haikubaki alama yoyote. Kilichobaki ni maneno tu. Ndugu waliyaweka akibani kama mkulima anavyoweka mbegu darini, wakayatoa siku yalipowafaa. Wala si maadui waliokuwa na habari ile. Ni watu waliokuwapo nyumbani mtoto alipoota meno.

Aliondoka. Alipita Kilindi, kisha akapanda milima hii, akafika kwa Washambaa ambao walimjua kwa nyama aliyowagawia na kwa mbwa wake. Mlima ulikuwa mrefu, na habari za meno yake hazikumzuia kupewa utawala. Ziliandikwa kitabuni wakati yeye alikwisha kuwa babu wa watawala, nazo hazikuweza tena kumnyima kitu.

Nimeyakumbuka haya kwa ajili ya mjukuu wangu, ambaye jina lake silitaji. Alikuwa na miaka sita, akakojoa kitandani siku tatu mfululizo. Mama yake, ambaye ni binti yangu na ni mama mwema kabisa, alimpiga picha akilia kando ya shuka lililoanikwa. Akaandika chini yake, “Kikojozi wangu huyu,” akaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo. Watu wakacheka kwa upendo. Mimi pia nilitabasamu, sitaki kujitoa.

Wiki ile mtoto alikuja kwangu Lushoto. Hakuja kunirukia kama kawaida yake. Alisimama mlangoni akaniuliza, “Babu, na wewe umeiona?”

Nilimwambia sijaona kitu. Nilimdanganya, na nadhani alijua.

Kumwita binti yangu nimkaripie ilikuwa rahisi, lakini kabla ya kunyanyua simu nilikumbuka mstarini. Katika miaka ya 1990, kabla ada ya shule za msingi haijafutwa mwaka 2001, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya milimani. Kila Ijumaa nilisoma kwa sauti majina ya watoto ambao wazazi wao hawajalipa. Wenye majina hayo walitoka mbele, wakasimama wakiangalia miguu yao. Nilidhani nawahimiza wazazi, kumbe wazazi hawakuwapo, waliokuwapo ni wenzao wa darasani. Miaka mingi baadaye nilikutana sokoni na mmoja wao, sasa mwenye duka, tukaongea vizuri. Alipoaga akasema, “Mwalimu, mimi ni yule wa Ijumaa.” Kwa hiyo namwelewa binti yangu. Aliye na mamlaka juu ya mtoto hudhani habari za mtoto ni mali yake.

Tena jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Enzi za Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, Walther Dobbertin alizunguka koloni akipiga picha za kila namna, na watoto wetu wamo. Picha zake zilikuja kuhifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliweka zaidi ya picha 80,000 katika intaneti kwa matumizi ya wote, na za Dobbertin zimo humo. Watoto wale walisimama mbele ya kamera dakika chache, na baada ya miaka mia moja bado wamesimama. Angalau aliyewapiga alikuwa mgeni, na majina yao hakuyaandika. Sisi tunaandika jina, shule, siku ya kuzaliwa na ugonjwa.

Sheria si kwamba hazipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamkinga mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake, na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unasema hivyo pia, huku ukiwaachia wazazi usimamizi ulio wa kiasi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ufaransa mwaka 2024 ilitunga sheria inayomruhusu hakimu kumzuia mzazi kusambaza picha za mwanawe. Ni jambo zuri. Ila sioni mtoto wa miaka sita akishuka mpaka mahakamani kumshitaki mama yake kwa ajili ya shuka.

Hatimaye nilimpigia simu binti yangu. Sikumkaripia. Nilimweleza swali la mlangoni, nikamsimulia na ya Ijumaa, ambayo hakuwahi kuyasikia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba, mbona mtoto hakuniambia mimi?” Sikuwa na jibu. Jioni ile aliifuta picha, akawaomba na ndugu waifute. Karibu wote waliitikia.

Niliona yamekwisha. Mtoto alianza tena kunirukia, na shuka zilikauka zenyewe kwa wakati wake, kama zinavyokauka za watoto wote. Baada ya miezi miwili simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Korogwe, mtu asiye wa ukoo wetu wala asiyemjua binti yangu. Ilikuwa picha ile ile, na chini yake swali: “Shikamoo Mwalimu, eti huyu ndiye mjukuu wako?”