Ndoa ya Mashine Mbili: Historia ya Kuoanisha Turbochaja na Injini na Funzo Lake kwa Nyanda za Juu za Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Historia ya turbochaja aghalabu husimuliwa kama historia ya uvumbuzi: mtu mmoja, hataza moja, mwaka mmoja. Makala hii inadai kwamba usimulizi huo unaficha kiini cha jambo. Tangu wazo liwekewe hataza mwaka 1905 hadi lilipoanza kuleta faida katika injini za kazi, ilipita takriban miaka 20. Wazo lilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana, pamoja na metali za kuhimili joto, ni namna ya kuzioanisha mashine mbili ambazo kila moja hupumua kwa kanuni yake. Kwa sisi tunaoishi mbali juu ya usawa wa bahari, suala hilo bado halijawa la makumbusho.

2.0 Kutoka Winterthur hadi Pikes Peak

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyezaliwa Winterthur, aliona kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hupotea pamoja na gesi za eksozi. Hataza yake ya 1905 ilipendekeza gesi hizo zizungushe turbini, nayo turbini, kwa mhimili mmoja, izungushe kompresa ya kuisukumia injini hewa. Majaribio ya awali, aliyoyafanya akiwa kampuni ya Sulzer, hayakuzaa matunda ya kibiashara. Kompresa za wakati ule zilikuwa na ufanisi mdogo, hivyo nguvu iliyookolewa kwenye eksozi iliishia katika kuzizungusha zenyewe.

Msukumo mwingine ulitoka angani. Ndege inapopaa, hewa hupungua densiti na injini hudhoofika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Auguste Rateau wa Ufaransa alishughulikia tatizo hilo, na huko Marekani Sanford Moss wa General Electric akafuata njia iyo hiyo. Mwaka 1918 Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, chenye urefu wa takriban mita 4,300. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi zipatazo 350 katika usawa wa bahari, ilishuka hadi karibu 230 kileleni; ilipofungwa turbochaja, ikarudi juu ya 350. Mlima ulitumika kama maabara.

Ushindi wa Büchi ulikuja baadaye baharini. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilizoanza kazi mwaka 1926, zilikuwa na injini za dizeli za silinda 10 ambazo turbochaja iliongezea nguvu kutoka farasi 1,750 hadi 2,500.

3.0 Ramani na Usomaji Wake

Kwa nini kuoanisha ni kugumu? Injini ya pistoni humeza hewa kwa ujazo: mizunguko ikiongezeka maradufu, ujazo nao huongezeka takriban maradufu. Kompresa ya gurudumu haina desturi hiyo. Shinikizo inalolizalisha hukua karibu kwa kipeo cha pili cha mwendokasi wake. Tena hakuna gia inayoziunganisha. Kiungo chao ni gesi tu.

Jibu la wahandisi lilikuwa mchoro uitwao ramani ya kompresa. Mhimili wa ulalo huonyesha tungamo la hewa inayopita. Mhimili wa wima huonyesha uwiano wa shinikizo la hewa inayotoka kwa lile la inayoingia. Ndani yake mna mistari ya mwendokasi wa gurudumu na miviringo ya ufanisi, mithili ya miinuko katika ramani ya nchi. Kushoto pana mpaka ambao ukivukwa hewa hurudi nyuma kwa vishindo, na gurudumu pamoja na bearingi zake huumia. Kulia pana mpaka ambako njia ya hewa imejaa, na kuongeza mwendo hakuongezi hewa.

Tuchukue mfano wa injini ya dizeli ya lita 6, yenye mapigo manne, katika mizunguko 2,400 kwa dakika. Kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, ujazo ni lita 7,200 kwa dakika. Tukichukua ujazaji wa asilimia 90, zinabaki lita 6,480. Shinikizo la hewa inayoingia kwenye silinda likiwa kilopaskali 200 na halijoto nyuzi 50 za Selsiasi, kila mita ya ujazo ina kilo 2.16 za hewa. Injini basi inadai takriban kilo 14 kwa dakika. Mombasa, uwiano wa shinikizo ni karibu 2.0. Nukta hiyo ndiyo huwekwa juu ya ramani.

4.0 Ramani Inapopanda Mlima

Gari hilohilo likifika Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la anga ni kama kilopaskali 82. Ili injini ipate kilopaskali zilezile 200, uwiano unapanda hadi 2.4. Aidha, kwa kuwa ramani husomwa kwa hali sanifu ya usawa wa bahari, kilo 14 husomeka kama 17. Nukta imehamia juu na kulia: gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi, na akiba iliyokuwapo pwani imepungua. Turbochaja iliyochaguliwa kwa sababu tu bolti zake zimeingia inaweza kudumu pwani na kufa mapema Timboroa, ambako reli hupanda zaidi ya mita 2,700. Lawama humwangukia fundi au mafuta ya kulainisha, ilhali kosa lilikuwa katika uchaguzi.

5.0 Hitimisho

Turbochaja haikukomaa kwa kuvumbuliwa bali kwa kuoanishwa, na mwinuko ulikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Hivyo mwinuko si dharura ya pembezoni mwa elimu hii. Ni mahali ilipoanzia. Makala inapendekeza kwamba vyuo vya ufundi vya kanda hii vifundishe usomaji wa ramani ya kompresa kwa Kiswahili, lugha ambayo fundi hutumia anapoamua kifaa kipi afunge, na kwamba mfano wa kwanza ubaoni uwe wa mji wa mlimani.