Uamsho Ulioingia Wodini

Leo nataka nikupeleke Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni iliyo juu ya ziwa Muhazi. Wengi wetu tunaimba Tukutendereza kila ibada, hata wale wasiojua neno lingine la Kiganda, lakini hatujiulizi watu waliousambaza wimbo huo waliishije siku za kazi.

Hospitali ile ilikuwa chini ya daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefika mwaka wa 1928 wakati njaa kali ilipokuwa ikiingia. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika, na Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Walikaa na Biblia siku mbili wakifuata mistari ihusuyo Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Sisi Wapentekoste tukifika hapo kwenye hadithi tunaanza kupiga makofi, maana tunajua kinachofuata: ishara, miujiza, kelele za shangwe.

Subiri kwanza. Church alirudi Gahini, na hali ikawa ngumu kuliko alivyoiacha. Kazi haikwenda, watu hawakuelewana. Msaidizi mkuu pale hospitalini, Yosiya Kinuka, alisafiri akaenda kumwona Nsibambi Kampala. Nsibambi alipomuuliza habari za Gahini, Kinuka akaanza kueleza mambo yote yaliyoharibika. Nafikiri ungekuwa wewe pia ungekuwa na orodha ndefu. Mimi ningekuwa nayo. Lakini Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba chanzo cha shida kimo moyoni mwake mwenyewe.

Hebu fikiria safari ya kurudi baada ya kuambiwa hivyo. Ni njiani humo Kinuka alipojisalimisha kwa Kristo, na alipofika aliungama mbele za wenzake. Badiliko lake likaonekana kwanza kazini, mahali palepale palipokuwa pakilalamikiwa. Mpendwa, umeona Roho alipoanzia? Hakuanzia madhabahuni. Alianzia kwa mtu anayehudumia wagonjwa.

Kutoka Gahini moto ukasambaa. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu pale, aliuhubiri kwa nguvu hadi alipofariki Januari 1936, akiwa bado kijana. Mwaka wa 1937 timu ikafika Kenya, Kabete. Ndipo wazee wetu Wakikuyu, na baadaye Waluo na Wakamba, wakaanza kusikia habari za watu waliookoka ambao wanalipa madeni yao.

Hilo ndilo lililowashangaza majirani. Watu wa uamsho waliita maisha yao kutembea nuruni. Mtu akiokoka alirudi kwa aliyemwibia. Alirudisha mbuzi, jembe, nguo, pesa za mwajiri. Waume waliwaomba wake zao msamaha, jambo ambalo halikuwa la kawaida vijijini. Hata wamishonari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao, na hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni, kumbuka. Si viongozi wote wa kanisa waliofurahi. Wengine waliona ni fujo. Na kusema kweli, kulikuwa na walookole waliopita mpaka, wakageuka mahakimu wa kila mtu. Lakini mwenye duka aliyerudishiwa pesa zake hakuhitaji kuelezewa ibada ni nini.

Warumi 12:1 tunaijua kwa moyo. Paulo anataka mwili utolewe kama dhabihu iliyo hai, na mwili ndio huo unaopanda matatu alfajiri, unaopima unga dukani, unaokaa zamu ya usiku getini. Mambo ya Walawi sura ya 6 inaenda mbali zaidi: aliyedhulumu mwenzake arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano, kisha ndipo alete kondoo wake kwa kuhani. Angalia mpangilio huo. Jirani analipwa kwanza.

Nikuambie kwa nini hadithi ya Gahini hainiachi. Kabla ya kuingia huduma nilikuwa karani wa stoo. Nilikuwa nimeokoka, naongoza sifa, nafunga Jumatano. Na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na vitu vilivyokwenda nyumbani ambavyo havikuandikwa popote. Kila mtu alifanya hivyo, nami nilijiambia mshahara ni mdogo. Nilihubiri miaka kadhaa juu ya jambo hilo likiwa limekaa kimya ndani yangu.

Nilipoenda kulipa, mikono ilitetemeka. Kijana niliyemkuta pale hakunijua. Nikamweleza, nikahesabu pesa mbele yake pamoja na ile sehemu ya tano. Alinitazama, akatazama pesa, akafungua kitabu cha risiti. Kisha akaniuliza, "Sasa pasta, hapa niandike hizi ni za nini?"