Reli Iliyopita Nyunzu

Ninasomea shahada ya uzamivu ya historia hapa Ubelgiji, na wenzangu huniuliza kwa upole maisha yalikuwaje huko kijijini, mbali na dunia. Mimi ni Muluba wa Nyunzu, mashariki mwa Kongo, mjukuu wa mtu wa reli. Dunia ilifika kwetu kabla babu hajazaliwa.

Ilikuja kwanza na misafara ya pembe na watumwa iliyovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji katika karne ya 19. Kiswahili chetu kilipita njia hiyo ya machozi. Kisha ikaja reli. Mwaka 1902 tajiri Édouard Empain alianzisha kampuni ya CFL, na mwaka 1915 njia yake kutoka Kabalo, yapata kilomita 270, ilifika ziwani, mahali palipopewa jina la Albertville, Kalemie ya leo. Nyunzu iko kati ya miji hiyo miwili.

Oktoba ya mwaka huohuo zilipita kwetu boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zimepakiwa juu ya mabehewa. Zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, na hapo zikapandishwa tena kwenye treni. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na Februari 1916 boti Mimi na hiyo Kingani iliyotekwa zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Vitabu vya Waingereza vinamsimulia sana kamanda wao, Spicer-Simson. Wanaume waliotandika mataruma aliyopita juu yake hawana jina humo, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika tasnifu juu ya reli hii.

Babu aliingia kazini wakati CFL bado inatumia reli za upana wa mita 1. Mwaka 1955 zilipanuliwa hadi mita 1.067, tofauti isiyofika upana wa kiganja, na mwaka uliofuata njia ya Kabalo hadi Kamina ikafunguliwa. Tangu hapo behewa lililopakiwa Nyunzu liliweza kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hata Afrika Kusini, bila mzigo kuhamishwa. Babu aliizungumzia kazi hiyo kwa fahari mpaka uzee wake, na sioni sababu ya kumnyima fahari hiyo, ingawa faida ilikwenda Brussels.

Stesheni ilikusanya watu. Baluba, Batabwa, Baholoholo, Babembe, makarani waliotoka mbali, akina mama wa bukari na mafuta ya mawese, samaki mkavu wa Kalemie akiteremshwa kwa magunia. Nilipofika Ulaya nikasikia mihadhara juu ya kuishi na watu wa asili mbalimbali, niliona ni jambo tulilolizoea tangu utotoni.

Ila hesabu hiyo ina pengo, nami sitalificha. Batwa, ambao katika eneo letu huitwa pia Bambote, walileta nyama ya porini na asali, wakalima mashamba yetu, wakalipwa pombe, nguo kuukuu au muhogo. Watoto wao wachache sana walikaa darasani nasi. Maelezo marefu kuhusu uwindaji wao niliyasoma huku Ulaya, katika utafiti wa Mjapani Hideaki Terashima uliochapishwa Osaka mwaka 1980. Mtu alitoka Japani akaketi nao, akasikiliza. Sisi majirani tuliwaagiza kazi.

Vita kati ya Batwa na Baluba vilipowaka kuanzia 2013, vilikuta dharau hiyo imeshaiva. Tarehe 30 Aprili 2015, palepale Nyunzu, wapiganaji wa upande wetu waliingia kambi ya wakimbizi ya Vumilia 1 na mapanga na mishale, wakaua Batwa wasiopungua 30. Mwaka huo ndio jimbo letu la Tanganyika lilipozaliwa, Katanga ilipogawanywa. Batwa nao waliua na kulipiza kisasi. Waliolala porini walikuwa wa pande zote.

Kwa hiyo tasnifu yangu juu ya reli haitaishia stesheni. Ninataka kurekodi wazee wa Batwa wakieleza treni ilivyofukuza wanyama au ilivyowaletea soko, kwa maneno yao, kando ya wazee wa reli. Nimemwomba msimamizi wangu jambo moja: sauti hizo zihifadhiwe kwanza Nyunzu, nakala ndiyo ije Ubelgiji. Amekubali. Sasa tunatafuta chumba kisichovuja.