Kugombea Ujumbe wa Kamati ya Shule: Tamaa ya Uongozi au Kubeba Amana?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi hapa Gerezani. Ajenda kubwa ilikuwa kuchagua wajumbe wa kamati ya shule. Ilipoulizwa nani yuko tayari kugombea, wazazi wa Kiislamu, ambao walikuwa wengi, walitazama chini. Ndipo mzee mmoja wa mtaani akasimama na kulitaja jina letu. Tulishukuru, tukakataa. Hoja ilikuwa tayari mdomoni: Mtume (s.a.w.) amekataza kuomba uongozi. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, nasi tukakaa tukijiona tumesalimika.

Njiani mzee yule akatuuliza: "Sheikh, mwakani ukisimama kwenye mimbari ukalalamika kuwa vipindi vinagongana na Sala ya Ijumaa, au kwamba vyoo vya mabinti zetu havina maji, utakuwa unamlalamikia nani?" Hatukuwa na jibu. Swali lile liliturudisha kwenye vitabu vya fiqhi na kwenye historia ya mji wetu huu. Hapa tunaeleza tuliyoyakuta.

Hadithi tuliyoisoma nusu

Hadithi tuliyoitegemea ni ya Abdurrahman bin Samura (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimkataza asiombe uongozi, kisha akamweleza sababu: anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake mwenyewe, na anayepewa bila kuomba husaidiwa kuubeba. Ndugu msomaji, turudi kwenye mkutano wetu. Je, sisi tuliomba? Hatukuomba, tulitajwa na wenzetu. Kumbe tulikimbia kwa kutumia hadithi ambayo nusu yake ya pili ilikuwa inatupa matumaini ya msaada wa Allah (s.w.).

Na hata aliyeomba hahukumiwi kwa hukumu moja tu. Katika Surat Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) alimtaka mfalme wa Misri amuweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Wanazuoni wamezikusanya dalili hizi mbili. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj ambayo darasa zetu za pwani zimeisoma vizazi kwa vizazi, alipozungumzia ukadhi alipanga daraja. Ikiwa hakuna mwingine anayefaa, ni lazima kwa anayefaa autafute. Ikiwa yupo aliye bora na yuko tayari, kuutafuta ni makuruhu. Na ikiwa mtu ana elimu lakini hajulikani, na kwa nafasi ile anataraji elimu ienee, imependekezwa autafute.

Kamati ya shule si ukadhi, hilo tunalijua. Kwa kazi yake inafanana zaidi na usimamizi wa wakfu, kwa sababu inasimamia mali isiyo ya mtu mmoja kwa manufaa ya watoto wa watu wote. Katika mlango wa wakfu, Minhaj inamtaka nadhiri awe na uadilifu, uwezo, na ujuzi wa kuendesha mambo. Na wale wanaodhani kuwa kazi hii ni ya wanaume pekee wakumbuke kuwa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alimuusia binti yake Hafsa (r.a.), Mama wa Waumini, usimamizi wa wakfu wake. Basi mama mwenye sifa hizo anafaa kugombea, na pengine yeye ndiye anayejua zaidi hali ya mtoto shuleni.

Walipokosa kiti wazee wetu

Sasa tuitazame historia. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Tanganyika kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwaka 1925 serikali ya Kiingereza iliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam pamoja na wamishionari, na kutoka hapo ukajengwa utaratibu wa kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti. Madrasa zetu zilikuwa zimefundisha watu kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, lakini hazikuingia katika hesabu hiyo. Mambo ya elimu ya watoto wa nchi hii yalipangwa bila masheikh kuwa na kiti.

Wazee wa mji huu walifanya nini? Miongoni mwao alikuwa Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kufanya kazi ya ukarani katika reli. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwasisi wa African Association, na rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mkristo. Mwaka 1933 Kleist na wenzake, akiwemo Mzee bin Sudi, waliunda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, wakajenga shule Kariakoo kwa michango na nguvu zao wenyewe, ili mtoto asome Qur'ani na masomo ya kisasa chini ya paa moja. Mombasa nako, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah na kuwahimiza Waislamu waondoke katika usingizi wa ujinga. Mwaka 1945 ikaundwa East African Muslim Welfare Society, iliyojenga misikiti na shule katika nchi zetu.

Kleist alifariki mwaka 1949. Leo Mtaa wa Kipata hapa Gerezani unaitwa kwa jina lake, na wengi wetu tunaupita kila siku kwenda sokoni bila kujiuliza alifanya nini.

Kiti kipo, mkaaji hayupo

Mwaka 1968 East African Muslim Welfare Society ilipigwa marufuku Tanzania, na BAKWATA ikaundwa mwaka huohuo. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka chini ya serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata msaada wake. Watu wana maoni yao kuhusu mambo hayo, na hapa si mahali pa kuyarudia. Tunalotaka kulitazama ni lililofuata. Sheria ya Elimu ya 1978 iliagiza kila shule ya msingi iwe na kamati, na kila sekondari iwe na bodi. Ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006, ada ilikuwa imefutwa, na fedha za ruzuku na za ujenzi wa madarasa zikapitia mikononi mwa kamati hizo, zenye wajumbe waliochaguliwa na wazazi, mwalimu mkuu akiwa katibu. Ilipotangazwa elimumsingi bila malipo, kuanzia 2016, ruzuku iliendelea kupelekwa shuleni.

Basi tofauti ni hii: wazee wa 1933 hawakupewa kiti, wakajenga shule yao. Sisi kiti tumewekewa kwa sheria, kinagombewa kwa kunyoosha mkono tu, nasi tunainamisha vichwa na kukuita kukimbia kwetu ucha-Mungu.

Adabu za mwenye kugombea

Kwanza, aitazame nia yake. Anayetaka zabuni ya madawati imwendee shemeji yake, huyo ndiye hasa aliyekatazwa. Pili, ajipime kwa sifa za nadhiri. Kama hawezi kusoma hesabu za shule, ajifunze au amuunge mkono anayeweza. Mtume (s.a.w.) alimzuia Abu Dharr (r.a.) asishike uongozi kwa udhaifu aliouona kwake, na Abu Dharr ni Sahaba mtukufu. Tatu, asinunue kura hata kwa soda. Rushwa ndogo ni rushwa. Nne, akichaguliwa awe mjumbe wa watoto wote. Mtoto wa Kikristo anayekaa sakafuni ni sehemu ya amana yake sawasawa na mtoto wa Kiislamu, na Siku ya Kiyama ataulizwa juu ya wote wawili.

Tunawanasihi maimamu wenzetu wawatangazie waumini tarehe za mikutano ya wazazi kama wanavyotangaza darasa na Maulidi. Nasi, aliyetuuliza swali lile tulimwendea baadaye tukakiri kosa letu. Akacheka, akasema: "Sheikh, uchaguzi utakuja tena." Ulipokuja tulisimama, tukapigiwa kura pamoja na wengine, na kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kufuatilia bomba la vyoo vya wasichana.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuwafikishe kuibeba amana, na asitujaalie kuwa wenye kuikimbia kwa kisingizio cha dini Yake. Amin.